Dume Jekundu la Makenke

Shemeji yangu Muhirwa alikuwa hajawahi kumaliza sentensi muhimu maishani mwake, na mimi, Patient, fundi wa pikipiki pale Base Camp, ndiye niliyelipa kosa hilo kwa magoti yangu. Nalieleza jambo hili kwa sababu watu wa Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, wanalisimulia vibaya. Wanasema Muhirwa alinunua pikipiki Mbarara akaisukuma kilomita hamsini na kitu kwa kuwa alikosa petroli. Si kweli. Tangi lilikuwa limejaa. Nililijaza mwenyewe.

Muhirwa ana miaka hamsini na miwili. Ni mfupi, mpole, na ana kofia moja ya kahawia ambayo huivua akiingia kwa watu, akaipakata magotini kama mtoto mchanga. Alizaliwa milimani, nyanda za juu za Kivu ya Kusini, na mpaka vita vilipomkimbiza alikuwa mtu wa ng'ombe. Hapa analima mahindi na kufuga mbuzi, ingawa moyoni mwake mbuzi hajahesabiwa bado kuwa mnyama. Ukimuuliza habari za mali yake, anakutajia ng'ombe waliokufa miaka ishirini iliyopita, kwa majina na rangi zao.

Kwao milimani, kumwendea mtu na kumwambia shida yako moja kwa moja ni kama kuingia nyumbani kwake kupitia dirishani. Kwanza unauliza watu wa nyumba ile, mmoja mmoja, hata marehemu. Halafu mvua. Halafu ng'ombe, wawepo wasiwepo. Halafu habari za kwetu Congo, ambazo hazina mwisho. Halafu mnakaa kimya, kimya cha heshima, na baada ya kimya hicho ndipo unakohoa na kutoa neno lililokuleta. Mtu wa kawaida anamaliza safari hiyo kwa saa moja. Muhirwa anahitaji tatu.

Dada yangu Eliane, aliyekuwa mke wake, alifariki miaka saba iliyopita. Nilimpenda dada yangu, na kwa sababu nilimpenda nilichoka kumwona mume wake akila ugali wa kuungua peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia aoe. Alitikisa kichwa mwaka mzima, kisha siku moja akaanza kupiga pasi shati, nikajua kuna mtu.

Mtu huyo alikuwa Constance, mjane mwenzetu wa Kivu, aliyekodi shamba la maharage upande wa Ngarama. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na akicheka anacheka baadaye, mkiwa mmeshasahau mzaha. Kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa kupanda na kushuka vilima, na Muhirwa alikuwa akienda na kijana wa bodaboda aitwaye Gradi. Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Gradi ana adabu, lakini ana wateja wengine. Anasubiri nje kwa saa moja, kisha anapiga honi.

Mara ya kwanza honi ililia Muhirwa akiwa kwenye mvua. Mara ya pili alikuwa amefika kwa ng'ombe. Mara ya tatu alikuwa katikati ya habari za kwetu, karibu kabisa na kile kimya, na honi ikalia. Mara zote tatu alisimama papo hapo, akavaa kofia na kusema, "Nilikuwa na kaneno kadogo, nitakasema siku ingine." Kisha akapandishwa nyuma ya Gradi akaondoka.

Mara ile ya tatu Constance alimsindikiza hadi barabarani. Akamwambia, "Papa Muhirwa, siku utakuya na pikipiki yako mwenyewe, tutamaliza mazungumuzo. Mwisho wa mwezi naenda kuishi Kampala kwa mutoto wangu Bénédicte, kama hakuna jambo la kunizuia."

Muhirwa alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, jioni ile ile, akasimama juu ya kichwa changu nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya mchungaji.

"Shemeji," akasema, "amesema kama hakuna jambo la kumuzuia. Unawaza alikuwa anasemea mvua?"

"Hapana, shemeji. Alikuwa anasemea wewe."

"Miye pia nimewaza vile." Akageuza kofia mikononi. "Basi unitafutie pikipiki. Lakini haraka, maana Dimanche, Jumapili moja tu, njo imebaki."

Haraka, kwa Muhirwa, ni neno alilolisikia kwa watu wengine. Nikafuta mikono na kumpa mashauri yangu, ambayo watu huja kuyatafuta kutoka mbali. Nikamwambia: wewe hujawahi kuendesha hata baiskeli. Mtu anayeanza anachukua pikipiki ndogo, iliyotumika, nyepesi, ambayo akikaa nyayo zake zote mbili zinagusa chini. Iwe imetumika kwa sababu lazima utaiangusha, na kuangusha kitu kilichokwisha kuchubuka hakuumi sana. Usitazame rangi, tazama injini. Na usinunue kitu chochote kwa sababu kimekupendeza. Alisikiliza yote kwa makini, akanishukuru, akaninunulia chai. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini angalau la Muhirwa linasikiliza kwa adabu.

Aliuza mbuzi, na Alhamisi tukaenda Mbarara. Nikampeleka kwenye uwanja mmoja ninaoujua, ambako pikipiki zilizotumika zimepangwa safu kwa safu, zote ndogo, zote za busara. Muhirwa alipita katikati yao akiwa ameweka mikono nyuma. Alipofika mwisho wa safu aligeuka.

"Hizi ni mbuzi," akasema.

Nikamwambia ni pikipiki. Akasema anaona kuwa ni pikipiki, lakini katika pikipiki, hizi ndizo mbuzi. Mtu hawezi kwenda kuposa na mbuzi. Nilitaka kugombana naye, lakini kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilipotoa simu kutazama saa, aliona picha. Mteja wangu mmoja, Sajini Byaruhanga wa kambi ya jeshi ya Makenke, pale pale Mbarara, alikuwa amenitumia picha ya pikipiki yake ya michezo nimtafutie mnunuzi. Ni nyekundu, ya injini kubwa, tangi limevimba mbele, kiuno kimebanwa, mkia umeinuka juu. Muhirwa alichukua simu yangu kwa mikono miwili.

"Tazama nundu," akasema taratibu. "Shemeji, hii ni dume."

Nilimweleza kuwa pikipiki ya michezo ni ya vijana wasioogopa mauti. Nikamwambia ni nzito, ndefu, unaiendesha ukiwa umelala kifudifudi, na hata ukiigusa kidogo tu inaruka. Kila neno la lawama nililosema lilimzidishia mapenzi. Ndefu, nzito, inaruka ukiigusa: nilikuwa namsifia dume bila kujua.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Makenke. Byaruhanga alitupokea nyumbani kwake, kwenye vyumba vya kupanga nje ya kambi, pamoja na mkewe Mackline. Ni mtu mkubwa mwenye kitambi cha amani, Mnyankore, na pikipiki ilikuwa imeegeshwa uani, imeoshwa, inang'aa. Aliongea nasi Kiswahili chake cha jeshi.

"Mzee, karibu. Hii pikipiki iko nguvu sana. Mimi nalinda yeye kama bibi."

"Kushinda bibi," akasema Mackline akiwa jikoni.

Mimi nilijua kazi yangu. Nikachuchumaa, nikaiwasha. Iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri, nikainua dole gumba. Nikageuka kumwambia shemeji kuwa injini ni nzima, nikakuta ameketi kwenye jiwe, hatua kumi kutoka kwetu, anaitazama tu.

"Zima," akasema. "Naomba nitazame kwanza namna inapumuzika."

Byaruhanga alinitazama. Nikainamisha macho. Muhirwa alikaa pale labda nusu saa, kisha akainuka, akaizunguka kwa kushoto, akaweka kiganja ubavuni mwa injini, akakiacha hapo.

"Afande, imelala hapa tangu lini?"

"Tangu jana, mzee. Haijatoka."

"Iko na homa."

Nikaja nikagusa. Mimi nilikuwa nimeiwasha dakika moja tu, na nusu saa baadaye injini bado ilikuwa na joto la kukaa, lililoingia hadi kwenye vyuma vya ndani. Mwenye mali alikuwa ameipasha moto asubuhi na mapema ili isionekane jinsi inavyokataa kuwaka ikiwa baridi. Ni ujanja wa zamani mno. Mimi, fundi kwa miaka kumi na minne, sikuigusa kabla ya kuiwasha.

Kutoka jikoni Mackline alianza kucheka. "Mimi nilisema yeye, usiwashe. Nilisema."

"Eh," akasema Byaruhanga. "Mzee iko na macho."

Tukasubiri ipoe. Tulipewa chai ya maziwa, na wakati wa kusubiri Muhirwa akaendelea. Aliomba kuona meno. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba pikipiki haina meno, asituaibishe, na nilipokuwa nasema hivyo nilikumbuka lile gurudumu dogo linalovuta mnyororo. Lina meno. Nikafungua kifuniko chake nikiwa nimeuma midomo. Yalikuwa yamelika upande mmoja, yamepinda kama kulabu.

"Si muzee sana," Muhirwa akasema akiwa ameinama, "lakini ametafuna mingi."

Akapapasa ubavu wa kushoto, akasema rangi ya hapa si ya kuzaliwa, hapa iliumia. Byaruhanga akakiri kwamba ililala kidogo, mara moja, kwa sababu ya mvua. Muhirwa akachungulia chini kuona imeacha nini usiku, akakuta doa moja dogo la oili, akalinusa. Akauliza ilizaliwa kwa nani, ikaenda kwa nani, kwa nini kila mmoja aliiachilia. Byaruhanga alileta kadi na kuanza kusoma majina ya wenyewe waliotangulia, na hapo nikaona kitu kinabadilika. Mnyankore ni mtu wa ng'ombe pia. Mguu wa sajini uliacha kutikisika. Akavuta kiti karibu na jiwe la Muhirwa, akaanza kumweleza, bila kuulizwa, makosa yote ya ile pikipiki: inavyochagua petroli, inavyochukia vumbi, inavyoweza kukutupa kwenye kona ukiwa na mawazo mengine. Muhirwa alitikisa kichwa kwa kila moja. Nilikunywa chai yangu peke yangu. Hakuna aliyeniuliza kitu tena.

Ilipopoa ikawaka mara ya tano, ikikohoa. Nilisema ni kabureta tu, itasafishwa, nikafurahi kusema kitu. Byaruhanga akapunguza bei mwenyewe kabla hatujafungua midomo.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Nikabonyeza honi.

Sijui nieleze vipi. Kutoka katika kile kifua chekundu, chini ya ile nundu, ilitoka sauti ya mwana-mbuzi aliyeachwa na mama yake. Meee. Fupi, ya huzuni. Watoto wa majirani walitoka kutazama. Mackline aliweka sufuria chini ili acheke vizuri. Uso wa Muhirwa ulianguka, na mimi nilimhurumia kwa dhati, kwa sababu baada ya kuwakimbia mbuzi siku nzima alikuwa amempata mmoja ndani ya dume.

"Nitakuwekea klaksoni ingine," nikamwambia. "Ni kazi ya dakika kumi."

Akafikiri. "Hapana. Sauti ya munyama haibadilishwe. Ni yake."

Walipopeana mikono, Byaruhanga alitoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa umefungwa kwenye kamba ya ngozi, na Muhirwa hakunyoosha mkono. Wakatazamana. Sajini akatabasamu, akafungua fundo, akaitoa kamba na kumpa ufunguo mtupu.

"Kamba ya ng'ombe hapana uza," akasema. "Hata kwetu iko hivyo."

Muhirwa akatoa mfukoni kamba yake mwenyewe, kamba ya katani aliyokuja nayo kutoka Nakivale, akaifunga kwenye usukani. Wale wazee wawili walikuwa wameridhika kabisa. Mimi nilijaza tangi, nikavaa kofia ya chuma, nikakaa kwenye kiti na kumwambia apande nyuma, twende nyumbani.

"Shuka, shemeji," akasema.

"Kwa nini?"

"Ng'ombe mupya haendi kwake akikimbizwa. Anaongozwa pole pole, aone njia, ajue ni nani anamuongoza. Ukimukimbiza, kesho anarudi kwa mwenyewe wa zamani."

Nilimwambia pikipiki haiwezi kurudi Makenke yenyewe. Akasema hajawahi kuona moja iliyorudi, lakini pia hajawahi kuona moja iliyofugwa vizuri. Nikamwambia basi apande nyuma yangu nitakwenda polepole sana. Akatazama chini.

"Nikipanda nyuma, nitakuwa muzigo tena. Constance atajua."

Ndivyo tulivyotoka Mbarara kwa miguu. Yeye mbele ameshika kamba na usukani, mimi nyuma nasukuma ule mkia ulioinuka. Jua lilikuwa kali, na pikipiki ya michezo haikutengenezwa kwa kusukumwa: haina pa kushika, na kila kilima inakukumbusha uzito wake. Waendesha bodaboda walisimama kutugawia petroli ya bure. Niliwaambia tangi limejaa, wakaondoka wakigeuka kututazama. Mwalimu mmoja alisimamisha gari na kututolea mistari miwili ya Biblia. Ni mama mmoja mzee tu wa Kinyankore, aliyekuwa na fimbo kando ya barabara, aliyetazama kamba, akatazama nundu, akatikisa kichwa kwa heshima. Muhirwa alimvulia kofia.

Karibu na Kaberebere, ambako tulilala kwa muumini mwenzetu, nilikaa chini barabarani na kukataa kuinuka. Nilikuwa na hasira ya kweli. Nikamwambia asinidanganye kwa mambo ya ng'ombe, ni woga tu, anaogopa kuiwasha.

Hakukasirika. Alikaa kando yangu, kamba mkononi.

"Ni kweli naogopa," akasema. "Hii iko na roho ya haraka. Miye sina. Nawaza nikitembea nayo, labda itajifunza ya kwangu."

Nikainuka nikasukuma.

Jumamosi alasiri tulifika, na saa kumi na moja nilimpeleka uwanja wa mpira kumfundisha. Nilirekebisha kabureta, nikamkalisha. Miguu yake haikugusa chini. Kidole gumba cha kulia kiligusa nyasi kidogo, kile cha kushoto kilikuwa hewani. Nikamwonyesha klachi, gia, breki. Aliachia klachi, pikipiki ikaruka kama chura, ikazima, na Muhirwa akalipapasa tangi akaiambia pole. Alifanya hivyo mara tisa. Mara tisa ikazima, mara tisa akaiomba msamaha. Mara ya kumi haikuzima, na yeye na dume walikwenda mita kumi na mbili hadi kwenye goli, wakaingia, wavu ukawapokea. Vijana walishangilia. Nikamwambia inatosha kwa leo.

Jumapili ilikuwa siku yenyewe. Baada ya ibada tulianza tena kusukuma, tukiwa na mashati yetu ya kanisani, kuelekea Ngarama. Gradi alitukuta njiani akapunguza mwendo, akatembea nasi kwa gia ya kwanza akitupa pole. Sikumbuki lini nimemchukia mtu mwenye adabu kiasi kile. Tulipofika juu ya kilima cha mwisho, nyumba ya Constance ikaonekana chini, na yeye mwenyewe akiwa uani anapeta maharage. Barabara ilishuka hadi kwake moja kwa moja, laini.

Muhirwa alisimama. Akaitazama ile nyumba kwa muda mrefu, akatazama barabara, akafungua kamba akaiweka mfukoni. Alivaa kofia ya chuma juu ya kofia ya kahawia.

"Nishikilie nipande," akasema. "Moteur isiwake."

Nilipaswa kumkataza. Lakini nilikuwa nimesukuma siku tatu, na kulikuwa na mteremko. Nikamshikilia, akalala kifudifudi juu ya ile nundu jinsi vijana wanavyolala, nikamwachia. Aliteremka kimya kabisa, bila injini, mgongo umenyooka, mkia juu, shati jeupe limejaa upepo. Nasema kweli, alipendeza. Kwa nusu dakika hivi shemeji yangu alikuwa mtu aliyezaliwa kwenye pikipiki, na Constance alisimama na ungo wake akamtazama akija.

Tatizo lilikuwa kusimama. Breki alizikumbuka, na zikafanya kazi. Ila mtu ambaye miguu yake haifiki chini, pikipiki ikisimama, lazima aende upande mmoja au mwingine. Muhirwa alisimama barabara mbele ya mwenye nyumba, akakaa wima kwa muda wa kusema amina, kisha wakaegama wote wawili, polepole, yeye na dume, hadi ndani ya rundo la maharage.

"Karibu, Papa Muhirwa," Constance akasema. "Umekuya na yako."

"Nimekuya na yangu," akajibu kutoka kwenye maharage.

Tulipoinua pikipiki na kuiegesha, tukajipangusa, tukaingia. Gradi, aliyenileta hadi chini ili nisikose tukio, nilimwambia aende zake kabisa, leo hapa honi hailii. Constance akaleta chai. Muhirwa akavua kofia, akaipakata, akaanza.

Akauliza watu wa nyumba, mmoja mmoja. Akauliza marehemu. Akaingia kwenye mvua, akakaa huko raha mustarehe. Akaja kwa ng'ombe, na safari hii alikuwa na mpya wa kueleza, akamweleza meno yake, homa yake, na jinsi alivyokabidhiwa bila kamba. Constance alisikiliza yote. Akaenda Congo, akapita vijiji vyote, akarudi. Chai iliisha ikapikwa nyingine. Kisha kikaja kile kimya.

Nikakaa vizuri. Nikasubiri kikohozi. Akakohoa. Nikamtazama. Akafungua mdomo, akatazama kofia yake, akauliza kama mwaka huu maharage yamesumbuliwa na wadudu.

Nilitaka kulia. Saa tatu zilikuwa zimepita na hakuna mtu aliyemkatiza, na kumbe hilo ndilo lilikuwa limemfunga. Kwa muda wote ule Gradi alikuwa amembebea lawama. Sasa njia ilikuwa nyeupe na mtu wangu anazunguka mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akarudi kwenye mvua. Jua lilianza kuinamia migombani. Nikaona kwenye kona, karibu na kitanda, sanduku la safari ambalo tayari lilikuwa limefungwa kwa kamba, na nikajua kwamba yeye pia ameliona, kwa sababu hakugeuza shingo upande ule hata mara moja.

Constance aliweka kikombe chini. Akasimama, akatoka nje. Muhirwa alinigeukia, uso umekauka.

"Amechoka na miye," akaninong'oneza.

Kutoka uani tukasikia ufunguo unageuzwa. Halafu ikalia, fupi, ya huzuni: meee.

Mazoea ni kitu kibaya. Muhirwa aliruka kutoka kwenye kiti kama mwanajeshi. Kofia ilikuwa kichwani kabla miguu haijanyooka, na mdomo wake ukaanza kusema wenyewe, mbio mbio, kama ulivyozoea kila honi ikilia, "Nilikuwa na kaneno kadogo, nitaka-" akakwama. Constance alikuwa mlangoni, anatazama.

"Pikipiki yako inakuita," akasema. "Inaenda sasa hivi. Sema."

"Nataka unioe," akasema Muhirwa.

Kwetu mwanamke haoi, anaolewa, na siku nyingine ningemsahihisha. Alijua amekosea, akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Constance hakucheka. Alikuja akaketi mahali pake, akajaza kikombe cha shemeji yangu hadi juu.

"Kaa chini, baba," akamwambia. "Miye nilikubali tangu mara ya kwanza. Ni wewe njo ulikuwa unaenda kila mara."

Muhirwa alikaa. Mimi nikamkumbuka dada yangu, nikaona naye hana kinyongo. Ndipo Constance akaanza kucheka. Nadhani kicheko chake ndiyo kwanza kilikuwa kimefika kwenye maharage.